Kompyuta ya Mtumba na Kufuli za Mwenyewe wa Kwanza

Aliyenunua kompyuta mpya mwaka 2003 alibeba nyumbani, pamoja na mashine yenyewe, mfuko mdogo wenye sidii mbili au tatu: ya Windows XP, ya draiva, na pengine ya programu za ziada. Familia nyingi ziliuweka mfuko huo kabatini pamoja na vyeti vya kuzaliwa na hati ya kiwanja, na zilikuwa na sababu. Siku mashine ikigoma kuwaka vizuri, bila sidii zile hapakuwa na pa kuanzia. Ndiyo maana kwa miaka mingi mtu aliyekwenda kununua kompyuta iliyotumika, iwe Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue jijini Nairobi, aliuliza kwanza: sidii zake ziko wapi?

Leo swali hilo limekwisha nguvu. Leptopu nyingi zinazotua sokoni kutoka Ulaya, Marekani na Dubai hazina hata mahali pa kuingizia sidii. Lakini namna ya kufikiri haijabadilika. Mnunuzi na fundi wake bado wanaamini kwamba kuianzisha mashine ya mtumba ni kazi ya kupiga Windows upya tu, na kwamba neno la siri la mwenyewe wa kwanza ni usumbufu mdogo unaofutika pamoja na hadidiski. Nadhani hapo ndipo tunapokosea. Sidii zilizopotea zina mbadala halali, tena wa bure. Neno la siri lisilojulikana ni jambo la aina nyingine kabisa: mara nyingine ni usumbufu kweli, na mara nyingine ni ishara kwamba mashine uliyoilipia bado inamtambua mtu mwingine kama mwenyewe.

Nilijifunza hili kwa mpwa wangu, mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni. Alinunua leptopu safi, ya prosesa ya Intel kizazi cha nane, kibodi yake ya Kijerumani ikiwa imebandikwa stika za herufi za Kiingereza. Ilifanya kazi miezi minne bila tatizo. Kisha ikaanza kuwa nzito, naye akafanya alichoshauriwa na wenzake: akairudisha katika hali ya mwanzo, akaiunganisha na intaneti. Ukurasa uliotokea ulikuwa na nembo ya kampuni moja ya Ujerumani, ukimtaka aingize anwani ya barua pepe ya kazini. Akanipigia. "Mjomba, inanidai emeili ya kazini, na mimi sina kazi." Dukani alikoinunua walimjibu kwa upole kabisa: "Dada, usiwe na wasiwasi, ilete tupige Windows upya." Wakapiga. Ukurasa ukarudi. Wakapiga tena kwa flashi nyingine. Ukarudi.

Nitarudi kwenye leptopu hiyo. Kwanza tuzimalize sidii, maana huko ndiko wengi wanakopoteza fedha bila sababu.

Sidii za zamani zilibeba vitu vitatu: mfumo endeshi wenyewe, draiva za kuufanya mfumo uitambue mashine husika, na ushahidi kwamba una leseni. Mfumo endeshi leo unapakuliwa kutoka tovuti ya Microsoft bila malipo, pamoja na programu ndogo inayoutia kwenye flashi ya angalau GB 8. Draiva zinapatikana kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza mashine: unaingiza namba ya utambulisho iliyobandikwa chini ya leptopu, na orodha ya draiva za mashine hiyohiyo inatokea. Windows 10 na 11 zenyewe hujitafutia draiva nyingi mara zikipata intaneti. Kinachosumbua mara kwa mara ni draiva ya kadi ya mtandao, kwa sababu bila hiyo hakuna intaneti ya kutafutia nyingine. Fundi mzoefu huipakua hiyo mapema kwenye flashi, kabla hajagusa kitu.

Leseni ndiyo inayohitaji maelezo marefu, kwa sababu imehama mara mbili na watu wengi hawakuona ikihama. Zama za Windows XP na Windows 7 ilikaa kwenye stika: herufi na tarakimu 25 katika makundi matano, imebandikwa ubavuni mwa kompyuta ya mezani au chini ya leptopu, wakati mwingine ndani ya nafasi ya betri ili isisuguliwe. Iliyobandikwa nje ilifutika kwa joto na kwa kuwekwa mapajani, na leseni halali ikapotea hivyo hivyo. Ilipotoka Windows 8 mwaka 2012, watengenezaji wakaanza kuiandika namba hiyo ndani ya chipu ya BIOS, yaani programu ya msingi inayoiamsha mashine kabla ya Windows, kwenye ubao mkuu ambao mafundi huuita mazabodi. Stika iliyobaki ni ya nembo tu. Tangu Windows 10 ya mwaka 2015 kumeongezwa njia nyingine: seva za Microsoft huitambua mashine kwa vifaa vyake, na ikiwahi kuamilishwa kihalali mara moja, hutambuliwa tena kila ipigwapo Windows ya toleo lilelile, bila kuulizwa namba.

Matokeo yake ni kwamba leptopu ya ofisini iliyouzwa mpya ikiwa na Windows 10 au 11 huja na leseni yake mwilini. Ukiweka flashi ya Windows safi, programu ya usakinishaji huisoma namba ndani ya BIOS, ikachagua toleo linalostahili bila kuuliza. Ikishapata intaneti, inajiamilisha. Hakuna cha kununua.

Na bado, mashine hizohizo ndizo zinazopigwa Windows iliyochakachuliwa. Nimeona leptopu yenye leseni ya Windows Pro ndani ya BIOS yake ikiwekewa toleo la makampuni makubwa, kisha likavunjwa kufuli kwa programu ya wizi, kwa sababu tu flashi ya fundi ina toleo hilo. Mwenye mashine anakuwa na leseni halali asiyoitumia, na Windows haramu asiyoihitaji. Ubaya wake si wa kisheria peke yake. Microsoft hutoa kwa makampuni njia ya kuamilisha kompyuta nyingi kupitia seva ya ndani ya ofisi, na uamilisho huo hudumu siku 180 kabla ya kuhuishwa. Programu nyingi za kuvunja kufuli hujifanya seva hiyo ndani ya kompyuta yako mwenyewe. Ili zifanye kazi, hatua ya kwanza unayoagizwa ni kuzima kinga ya virusi. Mtu anafungua mlango, anamruhusu mgeni asiyemjua apewe mamlaka yote ya mashine, kisha anaingia kwenye akaunti yake ya benki.

Simlaumu fundi peke yake. Mafaili ya Windows yana ukubwa wa GB kadhaa, na bando analilipia mwenyewe. Mteja amesimama mbele yake anataka mashine leo. Flashi iliyo na kila kitu tayari, Office ikiwa humohumo, inamaliza kazi mapema. Lakini fundi anayeipenda kazi yake angeweza kupakua Windows safi mara moja, akaitumia kwa mamia ya wateja, kwa kuwa faili lilelile linakubali leseni ya kila mashine. Ni jambo la kuzoea tu.

Kuna mlango mwingine ambao zamani ulisaidia na siku hizi hauaminiki: ile sehemu ya hadidiski ambamo mtengenezaji alificha nakala ya kurudishia mashine kama ilivyotoka kiwandani. Kwenye HP ulibonyeza F11 inapowaka. Kwenye ThinkPad za zamani kulikuwa na kitufe cha buluu. Kwenye mtumba mara nyingi utabonyeza usione kitu, na sababu yake ni njema. Kampuni nyingi za Ulaya huondoa au kufuta hadidiski zote kabla ya kuuza mashine zao za zamani, ili siri za ofisi zisitoke. Msambazaji huweka diski nyingine, na nakala ya kiwandani inakuwa imeondoka na ile ya kwanza.

Wenye stika za zamani wajue jambo moja zaidi. Kwa miaka mingi namba ya Windows 7 ilikubaliwa hata kuamilisha Windows 10. Microsoft iliufunga mlango huo Septemba 2023. Mashine iliyowahi kuingizwa Windows 10 kabla ya hapo bado inatambulika. Ambayo haikuwahi, stika yake haisaidii tena kwa njia hiyo.

Je, leseni inahama na mashine kihalali? Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya UsedSoft na Oracle iliyoamuliwa tarehe 3 Julai 2012, ilisema aliyeuza nakala ya programu kwa matumizi yasiyo na kikomo cha muda hawezi kumzuia mnunuzi kuiuza tena. Mahakama ya rufaa ya shirikisho nchini Marekani, katika kesi ya Vernor na Autodesk ya mwaka 2010, ilikwenda upande mwingine: programu ile haikuuzwa, ilitolewa kwa leseni, kwa hiyo aliye nayo hana haki ya kuiuza. Kwa Windows iliyokuja na mashine mgongano huo hautugusi sana, kwa sababu leseni yake imefungwa kwenye mashine yenyewe na inakwenda nayo. Office ni habari nyingine. Aghalabu Office unayoikuta kwenye leptopu ya mtumba si ya mashine hiyo. Imewekwa na muuzaji.

Sasa maneno ya siri. Nayasema kwa wingi makusudi, maana chanzo cha mkanganyiko wote ni kudhani kuna neno moja. Mteja husema "ina password" na fundi husema "tutaitoa," kila mmoja akifikiria kufuli tofauti.

La kwanza, jepesi kuliko yote, ni la akaunti ya Windows. Hilo linamzuia mtu asiingie kupitia ukurasa wa kuingilia, basi. Ikiwa hadidiski haijafungwa kwa usimbaji, mtu yeyote anaweza kuichomoa, akaichomeka kwenye kompyuta nyingine na kusoma kila kilichomo. Kwa mnunuzi, kufuli hili halina maana: hatakiwi kulivunja bali kufuta diski nzima na kuanza upya. Fundi anayejitolea kukuondolea neno la siri huku akikuachia mafaili ya mwenyewe wa kwanza anakupa kitu usichokinunua.

La pili ni usimbaji wa diski. Kwenye Windows unaitwa BitLocker, na ulikuja na Windows Vista. Diski iliyofungwa hivyo haisomeki popote bila neno la siri, au bila ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48. Watu huogopa wakiliona ombi la tarakimu hizo kwenye mashine waliyoinunua, lakini haliwahusu. Diski hiyo inaweza kufutwa na kutumika upya bila shida. Wa kuogopa ni mwenye mashine mwenyewe, kwa sababu tangu toleo la Windows 11 la mwaka 2024 usimbaji huwashwa wenyewe kwenye mashine nyingi zinazoanzishwa upya kwa akaunti ya Microsoft. Ufunguo unahifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Fundi anapokufungulia akaunti kwa emeili yake ili amalize kazi haraka, ufunguo wa diski yako anabaki nao yeye, na mazabodi ikileta shida baadaye, picha zako na utafiti wako wa chuo vimo mikononi mwa mtu ambaye pengine amehama duka. Fungua akaunti yako mwenyewe, hapohapo, au usubiri ufike nyumbani.

La tatu ni neno la siri la BIOS, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Kwenye kompyuta nyingi za mezani za zamani lilihifadhiwa kwenye kumbukumbu iliyotegemea betri ndogo ya duara kama sarafu. Ukiitoa betri kwa dakika kadhaa, neno la siri linasahaulika. Ujuzi huo ulisambaa kwa mafundi wote, na wengi bado wanauamini. Leptopu za ofisini, yaani Latitude, EliteBook na ThinkPad ambazo ndizo uti wa mgongo wa soko letu la mtumba, zimetengenezwa kuushinda. Neno lao la siri limeandikwa kwenye chipu isiyohitaji umeme kukumbuka. Lenovo inasema wazi kwenye vitabu vyake vya ThinkPad kwamba neno la siri la msimamizi likisahaulika, dawa ni kubadilisha mazabodi. Kampuni nyingine husaidia, ila kwa anayethibitisha kwamba mashine ni yake.

Muuzaji anaweza kukuambia kwamba BIOS iliyofungwa haikusumbui, mradi Windows inawaka. Ni kweli kwa muda. Siku utakapotaka kuiwasha kwa flashi ili upige mfumo upya, inaweza kukukatalia. Ukitaka kubadilisha mpangilio wowote wa msingi, itakukatalia. Umenunua nyumba ambayo chumba kimoja kimefungwa, na ndani yake ndimo ilimo swichi kuu.

Ndani ya BIOS hiyohiyo pengine pamekaa ulinzi mwingine wa kimyakimya, uliojulikana zamani kama Computrace na sasa kama Absolute. Watengenezaji wakubwa huiweka mbegu yake kiwandani. Mwenye mashine akiilipia na kuiamsha, inajirudisha ndani ya Windows hata baada ya diski kufutwa au kubadilishwa, na huripoti mashine ilipo. Iliundwa kupambana na wizi. Mashine iliyouzwa bila kuondolewa kwenye ulinzi huo inaweza kufungwa siku mwenyewe atakapoamua.

Kufuli la nne ndilo lililomkuta mpwa wangu, na ndilo jipya kuliko yote. Tangu mwaka 2017 Microsoft inatoa huduma iitwayo Autopilot. Kampuni husajili alama za utambulisho wa vifaa vya kila mashine yake kwenye seva za Microsoft. Kuanzia hapo, kila mara Windows safi inapoanzishwa na kupata intaneti, mashine huuliza seva: mimi ni wa nani? Seva hujibu: wewe ni wa kampuni fulani, onyesha ukurasa wao. Hakuna kitu kwenye diski cha kufuta. Kubadilisha diski hakusaidii. Dukani walikuwa wakiisafisha nyumba, kumbe jina la mwenyewe limo kwenye daftari lililo mbali na nyumba.

Ndiyo maana ilifanya kazi miezi minne. Windows aliyopewa ilinakiliwa kutoka diski nyingine ikiwa imekwisha kupita hatua zote za mwanzo, kwa hiyo ile hatua ya kuuliza haikuwahi kutokea. Alipoirudisha mwanzo mwenyewe, kwa njia halali, ndipo swali likaulizwa kwa mara ya kwanza. Muuzaji, ninavyoamini, hakuwa na nia mbaya. Hakuwahi kuuona ukurasa ule kabla ya kuiuza kwa sababu namna yake ya kufanya kazi iliuruka.

Apple nao wana kufuli la jinsi hii. Kompyuta za Mac zenye chipu ya T2, na zote zilizokuja na prosesa za Apple zenyewe kuanzia mwaka 2020, zinaweza kufungwa kwa akaunti ya mwenyewe. Ukifuta kila kitu bado zitamwomba yeye. Chromebook za shule za Marekani, ambazo bei yake huvutia wazazi, zikiwa bado zimesajiliwa kwa shule husika hujirudisha chini ya usimamizi wa shule hiyo kila zikifutwa.

Hapa watu huniambia: kuna njia za kukwepa. Zipo, na mafundi wanazijua baadhi. Kwa Autopilot, ukiweka Linux, mfumo endeshi wa bure, badala ya Windows hutaulizwa chochote. Lakini ukwepaji hauondoi jina kwenye daftari. Mashine inabaki ya kampuni ile machoni mwa seva, na yeyote utakayemuuzia baadaye atakutana na mlango uleule. Zaidi ya hayo, kwenye kila kufuli la aina hii kuna uwezekano wa mambo mawili yasiyofanana hata kidogo. Huenda kampuni iliuza mashine mia mbili kwa pamoja na mtumishi mmoja wa kitengo cha kompyuta akasahau kuziondoa kwenye orodha. Au huenda mashine iliibwa kwenye treni. Ukurasa unaouona ni uleule kwa yote mawili. Mtu anayekwepa hajui amekwepa nini.

Sheria zetu hazijalala katika hili. Kununua mali ya wizi ukijua, au ukiwa na sababu ya kujua, ni kosa tangu zamani. Juu yake Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kenya ina yake ya makosa ya mtandao ya mwaka 2018 na ya ulinzi wa data ya mwaka 2019. Mimi si mwanasheria, lakini kwa akili ya kawaida tu, kuingia kwenye mafaili ya mtu usiyemjua kwa sababu ulinunua kasha lililoyabeba si jambo la kufanya kwa urahisi.

Mafaili hayo yapo, tena mengi. Simson Garfinkel na Abhi Shelat, wakiwa chuo cha MIT, walinunua hadidiski 158 zilizotumika kati ya mwaka 2000 na 2002. Zilizofanya kazi zilikuwa 129, na kati yake ni 12 tu zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo. Walikuta maelfu ya namba za kadi za benki, barua za watu na rekodi za hospitali. Diski moja ilionekana kuwa imetoka kwenye mashine ya kutolea fedha. Mwaka 2009 wanafunzi wa uandishi wa habari wa Chuo Kikuu cha British Columbia, waliokuwa wakifuatilia safari ya taka za kielektroniki hadi Ghana, walinunua sokoni huko diski iliyokuwa na mikataba ya Northrop Grumman, kampuni inayotengeneza silaha na vifaa vya kijeshi vya Marekani.

Sababu ni kwamba kufomati kwa haraka hufuta orodha ya mafaili, si mafaili. Kwa diski za zamani zinazozunguka, kuandika sifuri juu ya diski yote mara moja kunatosha; zile hadithi za kurudia mara saba ni za zama nyingine. Kwa diski za SSD, tumia amri ya kufutia iliyowekwa na mtengenezaji, kwa kuwa kuandika juu yake kwa njia ya kawaida hakufikii kila seli. Nawaambia hivi hasa wanaouza, si wanaonunua pekee. Leptopu yako ya zamani itakapopelekwa kwa fundi ili ibadilishwe na mpya, picha za watoto wako zitakwenda nayo.

Kuna shinikizo jingine linalobadilisha soko zima wakati huu. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, ukiwa na nyongeza ya mwaka mmoja ya masasisho ya usalama kwa watu binafsi wanaojiandikisha. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda juu isipokuwa chache sana. Makampuni ya Ulaya na Marekani yanaondoa kwa wingi mashine za kizazi cha sita na cha saba ambazo bado zina miaka ya kufanya kazi, na zinakuja kwetu. Muuzaji atakupigia Windows 11 juu yake kwa kuruka ukaguzi, na itawaka. Microsoft haijaahidi kuendelea kuisasisha.

Kwa mashine hizo mimi husema Linux, na husema kwa imani. Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux, ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth, Mwafrika Kusini, na kwa miaka mingi, hadi 2011, sidii zake zilikuwa zikitumwa bure kwa yeyote aliyeomba, popote duniani. Mwaka huohuo wa 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo wazo la kompyuta isiyodai leseni na inayosema lugha yetu lina miaka mingi hapa nyumbani, tumeliacha tu likae kando. Mwanafunzi anayeandika ripoti, anayesoma mtandaoni na kutazama mihadhara hapungukiwi kitu. Anayehitaji programu fulani za uhasibu au za uhandisi atapungukiwa, na asidanganywe.

Ninachodai kwa wauzaji si kikubwa. Kila mashine ifutwe, ipigwe Windows safi, iunganishwe na intaneti kabla ya kupita hatua ya kwanza, na iangaliwe inauliza nini. BIOS ifunguliwe kuona kama inadai neno la siri. Ni kazi ndogo kwa mashine moja. Kule Ulaya mashine zenye kufuli huuzwa kwa bei ya chini, zikiwa zimeandikwa wazi kuwa zimefungwa. Maandishi hayo hupotea mahali fulani kati ya ghala la kule na rafu ya hapa, na anayepoteza ni mnunuzi wa mwisho, ambaye mara nyingi ni mwanafunzi au mwalimu aliyekusanya fedha kwa mwaka mzima. Naye mnunuzi asione aibu kusimama dukani na kuomba jaribio hilo lifanyike mbele yake, na risiti iandikwe namba ya mashine. Bila namba hiyo hana cha kuonyesha kwa mtu yeyote, awe muuzaji, polisi au kampuni ya kwanza.

Ilikuwa namba hiyo iliyotusaidia. Tuliandika kwa Kiingereza, barua fupi kwa kampuni iliyokuwa kwenye ule ukurasa: tumenunua mashine hii Dar es Salaam, namba yake ni hii, risiti tumeambatanisha, picha ya ukurasa ni hii, kama ni mali yenu iliyopotea tuambieni, kama mliiuza tafadhali iondoeni kwenye orodha yenu. Mpwa wangu hakutaka sentensi ile ya kupotea iandikwe. Aliogopa watamjibu kwamba iliibwa, na fedha yake iishie hapo. Nilimwambia wana haki ya kuulizwa, na akakubali bila furaha.

Siku tisa hapakuwa na jibu. Alifanya kazi za darasa kwa simu na kwa kompyuta za maktaba. Siku ya kumi ikaja barua ya mistari miwili: mashine ni ya kundi lililouzwa, imeondolewa, tafadhali anzisha upya. Jioni hiyo akaja nyumbani na leptopu ndani ya mkoba na flashi mkononi. Tukapiga Windows safi, tukaiunganisha na intaneti, tukangoja. Ikauliza nchi. Ikauliza kibodi. Kisha ikamuuliza anataka kuipa kompyuta yake jina gani.